Je, wajua kwa nini vimiminika viwili hukataa kuchanganyika ndani ya mfereji mwembamba kama unywele?

Chukua kipande cha kioo chenye mfereji wa upana wa mikromita 100, takriban unene wa unywele. Pitisha maji mekundu upande mmoja na ya bluu upande wa pili, yakutane humo. Wengi wangeapa kwamba yatageuka zambarau papo hapo: nafasi ni finyu, yatakwepana vipi? Lakini yanakwenda sambamba, mstari kati yake umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Kubanana hakuchanganyi kitu. Kinachochanganya ni msukosuko, yale mapinduko ya maji yanayokwenda kasi. Mwaka 1883, Osborne Reynolds wa Manchester alipitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo. Maji yalipokwenda taratibu, uzi ulinyooka. Yalipoongezwa kasi, ukasambaratika. Namba yenye jina lake hulinganisha nguvu ya mwendo na mnato, yaani ule uzito wa kimiminika kutiririka. Katika bomba la kawaida vurugu huanza karibu na 2,000, ingawa mpaka huo si mkali: bomba laini na maji yaliyotulia huweza kuuvuka bila fujo. Katika mfereji wetu, maji yakienda milimita moja kwa sekunde, namba ni kama 0.1. Ukiupunguza mfereji zaidi, inashuka tena. Udogo, basi, ndio unaozuia.

(Mito ya Negro na Solimões huko Manaus, Brazili, nayo husafiri kilomita kadhaa pamoja bila kuchanganyika. Hiyo ni habari nyingine: inatofautiana kasi, joto na uzito, na msukosuko imejaa tele.)

Inabaki njia moja, molekuli kutangatanga zenyewe hadi ng'ambo. Ukiongeza umbali mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Molekuli ndogo huvuka mikromita 50 kwa sekunde moja hivi. Protini huhitaji kama mara kumi ya hapo. Seli ya damu ni mzigo mkubwa mno, hata kuisubiri ni kupoteza muda.

Kama haiwezekani kukoroga, fanya kama mpishi wa chapati za kusukuma: kunja, sukuma, kunja tena. Kila mkunjo unazidisha matabaka na kuyafanya membamba, mpaka molekuli ibakiwe na hatua fupi tu. Mwaka 2002, Abraham Stroock na wenzake walichonga sakafu ya mfereji kwa mitaro ya mshazari yenye umbo la mifupa ya samaki, na vimiminika vikajikunja vyenyewe vikipita juu yake. Hakuna mota wala kijiko. Maabara nyingi leo hutumia umbo hilo kutengeneza chembe za mafuta zinazobeba mRNA (molekuli yenye maelekezo ya kutengeneza protini, inayotumika katika baadhi ya chanjo), japo uzalishaji mkubwa wa chanjo ulitegemea vichanganyio vya aina nyingine.

Mfereji wenyewe hutengenezwa kwa kumimina mpira wa silikoni juu ya kalibu iliyochorwa kwa mwanga, kuuoka, kuubandua na kuugandisha kwenye kioo. Kundi la George Whitesides wa Harvard liliieneza mbinu hiyo miaka ya 1990.

Na wapo wasiotaka kuchanganya kabisa. Paul Yager na wenzake, Chuo Kikuu cha Washington, walipitisha sampuli sambamba na maji safi: molekuli ndogo zikahamia upande wa pili, seli zikabaki zilipo, kisha kila mkondo ukatokea mlango wake. Ni chujio lisilo na kitambaa wala tundu.