CD ya Muziki Haina Faili: Kuandaa Masta ya Kupeleka Kiwandani

Kazi ya CD kwa kawaida hufika ikiwa folda ya nyimbo, kila wimbo na faili yake, na hapo ndipo watu wengi hupotea. CD ya muziki haina faili hata moja. Ina mkondo mmoja wa sauti unaotoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na sambamba nao kuna data ndogo inayoiambia mashine kwamba wimbo wa kwanza unaanzia hapa na wa pili pale. Kasoro nyingi za masta, yaani nakala ya mwisho ambayo kiwanda hunakili, zinatokana na kusahau jambo hilo.

Vipimo kwanza. Kanuni ya Red Book, iliyowekwa na Philips na Sony mwaka 1980, inataka sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16 kwa kila sampuli, chaneli mbili. Kila sekunde imegawanywa katika fremu 75, na kila fremu inabeba sampuli 588 kwa kila chaneli. Muda huandikwa kwa dakika, sekunde na fremu, kwa hiyo baada ya 03:46:74 inakuja 03:47:00. Wimbo usipungue sekunde 4, nyimbo zisizidi 99, na wimbo wa kwanza lazima utanguliwe na pozi isiyopungua sekunde 2. Programu ya masta itakuwekea pozi hiyo yenyewe, usiifute.

Hiyo 588 ndiyo inayowasumbua watu, hasa kwenye rekodi za jukwaani ambako makofi yanavuka kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Chukua wimbo wenye sampuli 10,000,000, yaani karibu dakika 3 na sekunde 47. Ukigawa kwa 588 unapata fremu 17,006 na zinabaki sampuli 472. Fremu haiwezi kuandikwa nusu, kwa hiyo programu ya kuchoma CD hujazia sampuli 116 za kimya ili fremu itimie. Ni kimya cha chini ya elfu tatu za sekunde, lakini katikati ya makofi kinasikika wazi: “tik”. Usijaribu kukifuta kwa kufifisha sauti, maana utabadilisha mlio mdogo kuwa shimo kubwa. Dawa ni kutokata kabisa. Weka onyesho zima kama sauti moja ndefu kwenye programu, kisha tia alama za nyimbo juu yake. WaveLab, Sequoia, HOFA CD-Burn.DDP.Master na REAPER zote zinafanya kazi hivyo; kwenye REAPER jina la alama ya wimbo huanza na #. Alama ikishasogezwa kwenye mpaka wa fremu iliyo karibu, sauti yenyewe haiguswi.

Hata nyimbo za studio mimi huzipanga zote kwenye laini moja ya muda. Pozi kati ya wimbo na wimbo hupimwa kwa sikio, kuanzia pale mwangwi wa mwisho unapopotea. Sekunde 2 zinazowekwa na programu bila kuulizwa hazijui kama wimbo uliopita ulikuwa wa taratibu au wa kasi. Baada ya wimbo wa taratibu nafasi ya sekunde 3 au 4 inaweza kuwa sawa kabisa, na nyimbo mbili za kasi zinaweza kupokezana kwa nusu sekunde. Kama rekodi ina mvumo wa chumba au wa utepe, usiweke kimya tupu katikati yake: msikilizaji atahisi sauti imezimwa. Chukua kipande cha mvumo huo huo ukipitishe chini ya pozi.

Alama ya kuanza usiibandike kwenye sampuli ya kwanza ya sauti. Baadhi ya mashine zikiruka kwenda wimbo fulani huchelewa kidogo kufungua sauti, na pigo la kwanza la ngoma linakatwa kichwa. Rudisha alama nyuma fremu 10 hadi 15, yaani kati ya sekunde 0.13 na sekunde 0.2. Kwenye rekodi ya jukwaani iweke baada ya makofi kupungua, kabla tu ya noti ya kwanza, bila pozi yoyote.

Sasa mpangilio wa hatua, na hapa sina huruma kwa sababu makosa yake hayarekebishiki baadaye. Miksi zikija kwa biti 24 na 96,000 Hz, fanya usawazishaji wote katika hali hiyo. Kisha badilisha kiwango cha sampuli kuwa 44,100. Kichujio cha ubadilishaji hubadilisha umbo la wimbi, na vilele vinaweza kupanda kuliko vilivyokuwa, ndiyo maana limita, inayozuia vilele visipite dari uliyoiweka, inakuja baada yake na si kabla. Dari yangu ni −1 dB kwa kipimo cha kilele halisi, kile kinachokadiria pia vilele vilivyo kati ya sampuli na sampuli. Hatua ya mwisho kabisa ni ditha, mvumo hafifu mno unaoongezwa makusudi wakati biti 24 zinapopunguzwa kuwa 16. Ukiacha ditha, mkia wa mwangwi na mahali wimbo unapofifia hutoka na mikwaruzo inayofuata muziki, wakati mvumo wa ditha ya kawaida unakaa takriban −93 dB na hausumbui mtu. Ditha iwe moja tu. Ukishaiweka, usipunguze sauti wala usifanye fifisho jipya, maana hesabu yoyote mpya inazaa tena biti za ziada ambazo zitakatwa ovyo. Kukagua, vaa hedifoni, pandisha sauti kwenye sekunde 5 za mwisho za wimbo unaofifia, usikilize, kisha ishushe kabla wimbo unaofuata haujaanza.

Jaza ISRC ya kila wimbo (namba ya utambulisho wa rekodi), herufi na tarakimu 12 bila vistari, na EAN (namba ya msimbo pau) ya tarakimu 13 kwa diski nzima. Alama ya pre-emphasis, inayoiambia mashine ipunguze sauti za juu, izimwe. CD-Text, yaani majina ya nyimbo na wasanii yanayoandikwa ndani ya diski, inahitaji uangalifu kwenye majina yenye ng': tumia apostrofi iliyonyooka ya kibodi. Ile iliyopinda inayoletwa na programu za kuandikia haimo kwenye seti ya herufi za CD-Text, na kwenye redio ya gari inaweza kutokea alama ya kuuliza. Kompyuta nyingi hazisomi CD-Text. Hutafuta majina kwenye hifadhidata za intaneti, kwa hiyo usishtuke ukiona majina tupu.

Kwa kiwanda, peleka DDP, muundo wa masta kwa njia ya faili, badala ya CD iliyochomwa. Ni folda yenye sauti yote katika faili moja kubwa, pamoja na faili ndogo za maelezo, DDPID na DDPMS, na ile ya alama za nyimbo, na ya CD-Text kama ipo. Ongeza faili ya MD5 (namba za uhakiki zinazokokotolewa kutoka kwenye faili) ili kiwanda kihakiki kwamba hakuna hata baiti moja iliyobadilika njiani. Usibadili jina la faili yoyote ndani yake. Ifungue kwa programu nyingine tofauti na iliyoitengeneza, sikiliza yote mwanzo hadi mwisho, na linganisha nyakati za alama na karatasi yako ya nyakati.

Kiwanda kikikubali CD-R tu, choma kwa njia ya disc-at-once, yaani diski nzima kwa mkupuo mmoja. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, leza huzimika kila mara na kuacha viungo ambavyo kiwanda hukataa. Kasi ya 8x hadi 16x huwa salama kwa diski nyingi za sasa. 1x si lazima iwe bora. Usibandike lebo ya karatasi, na andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, kwa sababu tabaka linaloakisi mwanga liko chini tu ya upande huo wa juu na ncha ya kalamu ngumu inalifikia kirahisi.

Jumla ya muda iwe chini ya dakika 79, na ikikaribia hapo uulize kiwanda kabla ya kutuma.