Kuzima jeni kwa bakteria wasiozoeleka maabara

Kwa Escherichia coli, bakteria aliyezoeleka zaidi maabara, kuzima jeni kumekuwa kazi nyepesi tangu mwaka 2000, watafiti Datsenko na Wanner walipoonyesha kuwa kipande cha DNA chenye ncha za nyukleotidi 36 hadi 50 zinazofanana na jenomu (DNA yote ya seli) kinatosha, mradi seli imepewa vimeng'enya vya kuunganisha DNA vya virusi lambda. Kwa bakteria aliyetengwa juzi kutoka udongoni, swali langu la kwanza huwa iwapo ataipokea DNA hiyo, kwa maana wengi wana vimeng'enya vinavyoikatakata DNA ngeni isiyobeba alama za methili kama zao.

Ikishaingia, mimi huanza na njia ya zamani, nayo ni plasmidi (duara dogo la DNA) isiyoweza kujinakili ndani ya mwenyeji, iliyobeba vipande vinavyopakana na jeni lengwa pande zote mbili, jeni ya kustahimili antibiotiki, na jeni iitwayo sacB. Antibiotiki hubakiza seli ambazo plasmidi imejipachika kwenye jenomu zao. Kisha sukrosi, ambayo sacB huigeuza kuwa sumu kwa bakteria wengi wa Gram-hasi (kundi lenye utando wa pili nje ya ukuta wa seli), huua zile ambazo hazijaitema. Koloni zinazoota hapo si zote za kuaminika. Ikiwa bado zinastahimili antibiotiki, sacB imeharibika tu na plasmidi ingali ndani, na hata zilizoitema, baadhi hurudi katika hali ya asili, jeni ikiwa nzima. Koloni zote zikirudi hivyo, huwa nashuku kwamba bakteria hawezi kuishi bila jeni hiyo.

Watu wengi hudhani Cas9, kimeng'enya kinachokata DNA mahali palipochaguliwa, imeondoa taabu hii yote. Bakteria wengi hawana njia ya kuunganisha ncha za DNA iliyokatika bila kiolezo (nakala nzima ya kuigia), kwa hiyo mkato wa Cas9 huwaua, na wachache wanaosalia mara nyingi ni wale walioiharibu Cas9 yenyewe. Ndiyo maana, pale uwezo wa seli wa kubadilishana vipande vya DNA vinavyofanana ulipo dhaifu, napendelea kihariri cha besi, ambacho hakikati nyuzi zote mbili bali hugeuza herufi C ya DNA kuwa T, hivi kwamba kodoni (neno la herufi tatu za DNA) CAA, CAG au CGA iliyo karibu na mwanzo wa jeni huwa TAA, TAG au TGA, ambazo ni alama za kukomesha, na utengenezaji wa protini hukoma hapo. C za jirani nazo huweza kugeuka, basi husoma mfuatano wa eneo zima.

Tabia ya bakteria ikibadilika, huirudisha jeni nzima kwa plasmidi nyingine: tabia isiporejea, huenda nimezigusa jeni zinazofuata kwenye operoni ileile, yaani mfululizo wa jeni zinazosomwa pamoja.