"Mwalimu, mpango hauna maksi"

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kidato cha nne alinirudishia karatasi ya rafu ikiwa nyeupe. Nilikuwa nimewapa dakika saba za kupanga insha kabla hawajagusa karatasi ya majibu. "Mwalimu, mpango hauna maksi," akaniambia kwa adabu, na wenzake wawili wakaitikia kwa vichwa. Kauli hiyo nimeisikia Ujiji, nimeisikia Mwanga, nimeisikia hata kwa wazazi. Safari hii nimeona niijibu kwa maandishi.

Ni kweli, mpango hauna maksi. Msahihishaji anasoma insha, hasomi rafu. Lakini tazameni insha zenyewe zilivyotoka.

Swali lilikuwa hili: "Kufunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuna faida kuliko hasara. Jadili." Maneno 250 hadi 300, dakika arobaini. Nililichagua makusudi. Hapa Kigoma kila mtoto alishuhudia mwaka 2024 ziwa likifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane na kukua. Wengi wana baba au mjomba mvuvi, au mama anayeanika dagaa Kibirizi au Katonga. Hakuna aliyekosa la kusema, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Yule kijana alianza na urefu na kina cha ziwa. Akaja chakula, usafiri, ajira, utalii. Akaiingiza na meli ya MV Liemba: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Yote ni kweli, na ameyaandika kwa Kiswahili kizuri. Ila swali halikuuliza ziwa lina faida gani. Liliuliza kulifunga kuna faida gani. Aliliona jina "Ziwa Tanganyika", kalamu ikaondoka naye. Hiyo ni mada, si swali.

Kundi la pili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hao walipanga. Rafu zao zote zilifanana: utangulizi, faida tatu, hasara tatu, hitimisho. Nikawauliza, "Neno 'kuliko' mmelijibu wapi?" Kimya.

Naomba mnivumilie hapa, maana neno hili moja ndilo lililobeba swali zima. Likiondoka "kuliko", linabaki swali la kutaja faida na hasara, na orodha zao zinatosha. Likiwepo, mtahini anataka upime. Faida tatu na hasara tatu zilizopangwa kila moja kwenye aya yake hazijapimwa, zimehesabiwa tu. Kisha hitimisho linasema "kwa hiyo faida ni nyingi kuliko hasara", wakati pande zote mbili ni tatu kwa tatu!

Kupima ni kuuliza maswali. Hasara inampata nani, na faida inamfikia nani? Zinakuja wakati mmoja? Binti mmoja wa dawati la nyuma alisema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, hasara inaanza siku ile ile, faida inakuja wakifungua. Aliyeuza nyavu zake mwezi wa sita ili watoto wale, faida haimkuti." Hiyo ni hoja ya kujengea insha nzima, na kwenye rafu yake haikuwemo. Zilikuwemo tatu na tatu.

Mwingine akageuza upande. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaa, wengi hupumzika. Kwa hiyo, akasema, mtu asihesabu miezi mitatu kama usiku tisini wa kazi iliyopotea. Huyo naye amepima, amepunguza uzito upande wa hasara. Siwaambii nani kati yao yuko sahihi, maana "jadili" inamruhusu mwanafunzi kukubali, kukataa au kukubali kwa masharti. Haimruhusu kukaa katikati bila msimamo.

Kwa hiyo ninachotaka kwenye rafu ni sentensi moja kamili ya msimamo, yenye kitenzi, inayojibu swali. "Elimu", "ajira", "uchumi" ni majina tu, na jina haliwezi kuthibitishwa wala kupingwa. Chini ya sentensi hiyo weka hoja zinazoisaidia, kila moja na mfano wake. Hesabu ni fupi: ukitoa maneno 40 ya utangulizi na 40 ya hitimisho katika 300, yanabaki 220. Hizo ni aya tatu za maneno sabini na kidogo. Anayepanga hoja sita ataishia kuzitaja bila kuzieleza.

"Eleza", "fafanua" na "bainisha" zina madai yake, lakini hazinisumbui kama "kuliko", "zaidi ya" na "pekee". Vineno hivi vipigie mstari kwanza.

Mawili bado yananitatiza. Ninaye mwanafunzi asiyeandika mpango hata mstari, na insha zake zimenyooka. Nimemwangalia: analisoma swali muda mrefu, mikono iko chini ya dawati. Nadhani anapangia kichwani, na nimeacha kumlazimisha. La pili ni gumu zaidi. Insha iliyokaririwa, ikikutana na swali linalofanana nayo, wakati mwingine hupata maksi nzuri. Nimeyaona hayo, na siwezi kuwaambia wanafunzi kwamba hayatokei.

Nilimrudishia kijana wangu swali lile lile Ijumaa. "Mwanangu, nipe sentensi moja tu," nikamwambia. Alikaa dakika tano nzima, kisha akaandika: "Kufunga ziwa kuna faida kuliko hasara iwapo wanaoanika dagaa watapata kazi nyingine miezi hiyo, kwa sababu faida inachelewa na njaa haichelewi." Chini yake akaweka samaki kuzaliana, usiku wa mbalamwezi, na mama yake pale Katonga. Mstari wa nne aliandika "Liemba", akautazama kidogo, akaukata.