Sumaku haivuti katheta kwenye moyo, inaigeuza tu

Watu wakisikia moyo unaodunda ovyo unatibiwa kwa sumaku wanadhani kuna lisumaku huko nje linavuta chuma ndani ya mwili kwa nguvu, hapana jamani. Mgonjwa analala, kulia na kushoto kwake kuna sumaku mbili kubwa, ule mrija mwembamba (katheta) unapitia mshipa wa pajani mpaka kwenye moyo na nchani umefungwa visumaku vidogo sana. Za nje zikibadilisha uelekeo na ncha inageuka kufuata, kama sindano ya dira, halafu mota ndo inausukuma mrija mbele au kuurudisha. Daktari yuko zake chumba cha pili na skrini na mausi, kwaiyo eksirei ya kuangalia mrija ulipo haimpigi na lile koti zito la madini ya risasi la kuizuia halivai, na waliolivaa masaa manne mfululizo wanajua migongo yao inasemaje.

Faida kubwa kwangu mimi ni ulaini. Katheta ya kuzungushwa kwa mkono lazima iwe ngumu kiasi, na kitu kigumu ndani ya moyo unaodunda kinaweza kutoboa ukuta, hii ya sumaku ni legevu kwaiyo hiyo hatari inapungua sana wakati tunachoma kwa katheta hiyo kale kasehemu ka moyo kanakovuruga mapigo. Na nguvu ya sumaku zenyewe ni kama tesla 0.1 tu (tesla ndo kipimo chake), mashine nyingi za MRI za kupiga picha ndani ya mwili ni 1.5 au 3. Ila mitambo ni ghali na sio kila mgonjwa anaihitaji, na kama una betri ya moyo au chuma chochote mwilini sema mapema kabla hujaingia.

Tiba ya sumaku kuvuta kwenyewe ipo kwenye utumbo. Sumaku mbili zinawekwa sehemu mbili zinazotakiwa kuunganishwa, zinavutana, zinabana kuta zilizo katikati mpaka damu haipiti, nyama ya pale inakufa taratibu huku pembeni kuta zinashikana, baada ya siku kadhaa sumaku zinadondoka zinatoka na choo na njia inabaki wazi bila uzi hata mmoja.

Sasa hichohicho ndo kinawatoboa utumbo watoto wanaomeza vile visumaku vya kuchezea, kikiwa kimoja mara nyingi kinapita, vikiwa viwili vinatafutana kila kimoja kiko kwenye kona yake ya utumbo, na mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa anacheza. Ukihisi tu kameza mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usimtapishe wala usikae kusubiri vitoke.