Turubai likishang'olewa: dhana potofu kuhusu mfiwa anayebaki peke yake

Wengi tunaoishi Arusha na Moshi mjini hatuziki mjini. Tunasafirisha mwili Rombo, Machame, Mbulu au Singida, tunazika nyumbani kwa wazazi, halafu tunawahi kurudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye. Siku nne, na safari imo humo humo. Baada ya hapo mtu anarudi kwenye chumba chake cha kupanga Sakina au Majengo, katikati ya majirani ambao hawakumjua marehemu.

"Watu walijaa msibani, ameshafarijika."

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote. Watu kujaa ni heshima kubwa, na rambirambi husaidia kulipia jeneza na usafiri. Lakini kamati ya msiba ikishafunga hesabu, mfiwa ndiyo kwanza anaanza. Mfikirie mama anayeuza mitumba soko la Kilombero hapa Arusha, aliyemzika mumewe Tarakea, Rombo. Wiki ya kwanza simu haipoi. Wiki ya tano hakuna anayepiga. Jioni anasonga ugali, na anapopakua ndipo anagundua amesonga wa watu wawili, kwa mazoea. Anaufunika, anapanda kitandani bila kula.

Huyu hasaidiwi na "ukihitaji chochote niambie". Maneno hayo yana nia njema, ila yanamwachia yeye kazi ya kuomba, na wafiwa wengi hawaombi. Anasaidiwa na jirani anayegonga mlango: "Mama, nimepika makande, njoo tule," au "Naenda sokoni, nikuletee nini?" Wanajumuiya na wanakikoba, gawaneni siku. Mmoja apite Jumanne, mwingine Ijumaa, na msiache hata mwezi wa tatu ukifika. Nawaomba sana kuhusu hili, maana halihitaji mchango wa hela.

Na wewe uliyefiwa, mchague mtu mmoja umwambie wazi: "Jumapili zinanishinda, naomba niwe nakuja kwenu." Ukimpa siku na jambo lenyewe, atajua la kufanya.

"Yuko eda, asisumbuliwe."

Eda ya miezi 4 na siku 10 inamtaka mjane akae nyumbani kwake. Haiwakatazi wanawake wenzake kumtembelea, wala haimzuii kwenda kutibiwa akiugua.

"Usimtaje marehemu, utamtonesha."

Hajamsahau, kwa hiyo hakuna unachomkumbusha. Kinachomtenga ni kuona kila mtu analikwepa jina hilo. Mtaje, simulia alivyokuwa. Akilia, kaa naye, hujaharibu kitu.

"Huzuni ina hatua tano, lazima uzipite zote."

Hatua hizo zilielezwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hazikuwa ratiba ya wafiwa. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 jambo ambalo wafiwa wengi watalitambua: mtu huenda na kurudi. Asubuhi analia, mchana anahangaikia ada ya mtoto, jioni anacheka na wenzake. Kucheka si kumsaliti aliyeondoka, kwa hiyo tuache kumsema mjane aliyecheka.

"Jikaze, mwanaume halii."

Mwanaume hulia. Akizuiwa kulia, huzuni haiondoki. Wengine huipeleka kwenye pombe, na mtaa unamwita mlevi.

"Hospitali ya akili ni ya vichaa."

Wafiwa wengi hupona taratibu bila dawa, wakishikwa mkono na watu wao. Wachache hukwama, na hilo si udhaifu wa imani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu 2022, inayatambua majonzi ya muda mrefu kuwa ugonjwa: miezi 6 au zaidi ya uchungu mkali unaomzuia mtu kuishi, kupita kiasi cha kawaida katika mila na dini yake.

Kama amefikia hapo, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi kwa Moshi, muulizie huduma ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Lakini akianza kusema anataka kumfuata marehemu, au akigoma kabisa kula, msihesabu miezi. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake usiku.