"Tu Mali ya Bwana": Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Hapa Kisumu, mgeni akiingizwa nyumbani, wazee huuliza kwanza, "Huyu ni wa kwa nani?" Maswali ya shule na kazi hufuata baadaye, kwa kuwa mtu hutambulikana kwa watu wake. Kwa sababu hiyo ningetarajia maneno ya Warumi 14:8, kwamba tukiishi au tukifa tu mali ya Bwana, yapokelewe kwetu bila taabu. Lakini katika darasa la ubatizo ninalofundisha, hayo ndiyo maneno yanayoeleweka vibaya kuliko mengine.

Dhana iliyokita mizizi zaidi inahusu majina. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto hawi wa Mungu kikamilifu mpaka apewe jina la Kizungu, na kwamba Otieno aliyezaliwa usiku au Okoth aliyezaliwa mvua ikinyesha lazima aliache jina hilo mlangoni pa kanisa. Binti mmoja alinirudishia fomu yake ya ubatizo akiwa ameandika kila kitu kwa kalamu ya wino, isipokuwa jina Akinyi, la aliyezaliwa asubuhi, ambalo aliliandika kwa penseli ili liweze kufutwa. Nilihuzunika sana. Tulifungua pamoja Wafilipi 2:25, ambapo Paulo anamwita Epafrodito ndugu yake na askari mwenzake, ingawa jina hilo linatokana na Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, naye alikuwa na jina lililotoka katika hadithi za miungu ya Kiyunani, na hakuna mahali tunaposoma kwamba mmoja wao aliambiwa alibadilishe. Katika Isaya 43:1 Mungu anasema, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu", na kwa binti huyo jina hilo ni lile lile ambalo nyanya yake humwitia asubuhi.

Wengine hukwazwa na neno "mali", wakidhani kwamba mwamini amegeuzwa kuwa kitu cha kutumiwa na kutupwa. Ni kweli kwamba 1 Wakorintho 6:20 inasema tulinunuliwa kwa thamani, na wasomaji wa kwanza wa Korintho waliijua biashara ya watumwa. Hata hivyo Paulo huyo huyo anaandika katika Warumi 8:15 kwamba hatukupokea roho ya utumwa, bali ya kufanywa wana, ambayo kwayo twalia, "Aba, yaani, Baba". Katekisimu ya Heidelberg, kitabu cha kufundishia imani kwa maswali na majibu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1563, ina maswali 129, na la kwanza kabisa linauliza faraja yako ya pekee katika uzima na katika mauti ni ipi; jibu lake ni kwamba mimi si mali yangu mwenyewe, bali mwili na roho ni wa Yesu Kristo. Inanigusa kila mara kwamba waliotaka kufundisha imani nzima waliitanguliza faraja, hata kabla ya amri kumi.

Kuhusu wanaodhani kwamba sare ya kikundi, sadaka na vikao vya kamati ndivyo vinavyomfanya mtu awe wa Mungu, inatosha kusema kwamba mtoto huzaliwa katika boma kabla hajachunga mbuzi hata mmoja.

Lakini dhana inayoumiza zaidi husemwa matangani: kwamba aliye wa Mungu halii. Yesu alilia alipokuwa akielekea kaburini kwa rafiki yake Lazaro, naye alijua kwamba angemfufua. Mama mmoja anayeuza omena, yaani dagaa, sokoni Kibuye aliniambia kwamba baada ya kumzika mumewe hakuweza kuomba kwa majuma mengi, isipokuwa maneno matatu ya Zaburi 119:94, "Mimi ni wako", ambayo aliyarudia kimoyomoyo huku akiwapimia wateja omena kwa gorogoro, machozi yakimtiririka.