Kanzidata nyuma ya LibreOffice: yanayosemwa Pemba na ukweli wake

Vikundi vya kuweka na kukopa hapa Pemba, kuanzia Konde hadi Mkoani, vimeanza kuacha madaftari na kuingia kwenye kompyuta. Wengi huchagua LibreOffice, furushi la programu za kazi za ofisi, kwa kuwa ni programu huria, haina ada ya leseni, na uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote. Kinachonitia wasiwasi ni maneno yanayopita kikundi hadi kikundi kuhusu mahali data zinapokaa. Zilizomo humo ni hisa za watu, fedha iliyotoka kwenye mwani na karafuu.

"Ukishaweka LibreOffice, kanzidata unayo tayari."

Base, ile sehemu ya LibreOffice inayoshughulika na kanzidata (data zilizopangwa kwa majedwali), kazi yake ni fomu, maulizo na ripoti. Anayetunza data ni injini iliyo nyuma yake, na injini hiyo unaichagua wewe. Base ikifunguka hukuuliza kama unataka kuunda kanzidata mpya, kufungua faili lililopo, au kuunganisha na kanzidata iliyokwishakuwepo. Watu hubonyeza la kwanza wakaendelea, na hapo wameshachagua HSQLDB bila kujua. Injini hiyo iliingia na OpenOffice.org 2.0 mwaka 2005, LibreOffice ikairithi ilipojitenga mwaka 2010. HSQLDB yenyewe imeshafika matoleo ya 2, lakini iliyofungwa ndani ya Base imebaki 1.8.

"Data zimo ndani ya faili langu la .odb, kwa hiyo ziko salama."

Dhana hii ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote, basi tuitazame kwa karibu. Faili la .odb ndilo Base inalohifadhi. Chukua nakala yake (nakala, si lenyewe), ubadilishe mwisho wa jina uwe .zip, kisha ulifungue. Utaona ni furushi lililobanwa. Ndani yake mna folda iitwayo database, na humo mna faili liitwalo script ambalo hufunguka kwa programu yoyote ya maandishi. Humo utakuta mistari inayoanza na CREATE CACHED TABLE, ikifuatiwa na majina ya majedwali yako.

Sasa fikiria kazi inavyokwenda. Ukifungua faili, yaliyomo hutolewa kwenye furushi. Unaingiza marejesho ya wanachama asubuhi nzima, na kila ukihama mstari unaona namba zimekaa. Lakini furushi lenyewe haliandikwi upya mpaka uhifadhi au ufunge. Umeme ukikatika katikati, kazi ya asubuhi inaweza kupotea, na ukikatika wakati furushi linaandikwa, faili zima linaweza kukataa kufunguka. Nasi umeme tunaujua. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na Pemba kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 ilitegemea majenereta ya Wesha. Mpaka leo hakuna karani asiyejua taa kuzimika ghafla.

PostgreSQL na MariaDB, injini za kanzidata zinazokaa nje ya faili la .odb, hufanya kinyume. Kila badiliko lililothibitishwa huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu maalumu ya diski. Umeme ukirudi, injini huisoma kumbukumbu hiyo na kujirekebisha yenyewe. Kwa maoni yangu sababu hiyo peke yake inatosha kuziondoa fedha za kikundi kwenye faili la .odb.

"Siku hizi ni Firebird, HSQLDB imeshaondolewa."

Bado. Firebird, injini nyingine ya kanzidata, iliingizwa kama jaribio katika LibreOffice 4.2, mwaka 2014, kwa sababu ya maana: HSQLDB haiendi bila Java, programu nyingine ya kuwekwa kando, na Firebird imeandikwa kwa C++. Lakini imebaki upande wa majaribio miaka mingi, na hata hiyo, ikipachikwa ndani ya .odb, inakaa kwenye furushi lile lile.

"Hizo kubwa zinataka seva ya bei na intaneti."

Intaneti haihitajiki hata kidogo. PostgreSQL hukaa vizuri kwenye kompyuta ya zamani iliyo pembeni mwa ofisi, na makarani wawili wakaifikia kwa ruta ya kawaida isiyo na bando. Wote wawili wanaandika kwa wakati mmoja bila kugongana, jambo ambalo kanzidata iliyopachikwa ndani ya .odb haiwezi. LibreOffice ya sasa ina viunganishi vya moja kwa moja vya PostgreSQL na MariaDB. Zote mbili ni huria na hazilipiwi.

"SQLite ni ya kuchezea."

Injini hii ndogo, inayoweka kanzidata nzima kwenye faili moja, imo ndani ya kila simu ya Android. Inamfaa mtu mmoja kwenye kompyuta moja, ila kwa LibreOffice utahitaji kiendeshi cha ODBC (programu ndogo ya kuziunganisha), na usiiweke kwenye folda ya mtandao wanayoandikia watu kadhaa.

"Calc inatosha, mistari yake haiishi."

Calc, sehemu ya LibreOffice ya majedwali ya hesabu, ina mistari 1,048,576, na hakuna kikundi cha Wete kitakachoimaliza. Shida iko kwenye majina. Katika orodha moja utakuta Khamis Juma Khamis watatu, mmoja kaandikwa Hamis, na rejesho la huyu likaingia kwa yule. Kanzidata humpa kila mwanachama namba yake na kukataa rejesho lisilo na mwenyewe. Calc haikatai mpaka uiwekee masharti.

"Nimeshanakili .odb kwenye flashi, bakapu ninayo."

Hilo ni kweli data zikiwa ndani ya faili. Ukishahamia PostgreSQL au MariaDB, faili la .odb linabaki na fomu, maulizo na ripoti tu, fedha haimo. Bakapu ya data huchukuliwa kwa programu ya pg_dump kwa PostgreSQL, au mariadb-dump kwa MariaDB, na faili litokalo humo ndilo la kuweka kwenye flashi, pamoja na .odb. Kisha mwombe karani wa pili alirudishe kwenye kompyuta nyingine, ahesabu wanachama na jumla ya hisa, alinganishe na daftari.